Argan ya Morocco, nazi au ufuta: ipi ya nywele, ipi ya jikoni?

Mwaju_Mbagala
Habari zenu jamani. Kaka yangu alikwenda Rabat kushangilia Stars kwenye AFCON, akarudi na chupa mbili za mafuta ya argan. Moja rangi yake kama chai ya rangi, nyingine imepauka kama alizeti. Hakuna aliyeniambia zina tofauti. Jumapili nikajipaka ile ya chai kichwani, nikasuka, Jumatatu nikapanda daladala. Mama aliyekaa pembeni yangu akanusa mara mbili, halafu akaniuliza kama nauza karanga.

Ile iliyopauka imenikubali usoni na sasa inaisha. Je, ninunue nyingine, au nibaki na nazi yangu ya nywele na ufuta wangu wa jikoni? Dukani nimeona kichupa cha mililita 50 kinauzwa bei ambayo ningepata lita kadhaa za nazi. Naomba majibu ya waliotumia, siyo ya wanaouza.

Msomi_Rabat
Pole dada, ulijipaka kitoweo 😂

Hiyo ya rangi ya chai ni ya kula. Kiini cha argan kikikaangwa kabla ya kukamuliwa, unapata mafuta ya jikoni yenye harufu hiyo ya karanga. Kisipokaangwa, yanatoka yaliyopauka, harufu kidogo tu, na hayo ndiyo ya ngozi na nywele. Mti ni uleule.

Bei yake naielewa, maana nimesoma kule miaka minne. Argan inaota kusini magharibi mwa Morocco: Essaouira, Agadir, Taroudant, mpaka Tiznit. Lita moja inataka kilo 30 hivi za matunda. Kukamua siku hizi ni mashine sehemu nyingi, lakini kupasua kokwa bado ni mikono ya akina mama wa Kiamazigh, wenyeji wa kule. Rafiki yangu alinipeleka kwao, karibu na Agadir. Unaweka kokwa juu ya jiwe, unaishika kwa vidole viwili, unaigonga kwa jiwe la pili. Kokwa ya tatu nikajigonga kidole gumba. Bibi yake alicheka mpaka machozi, na mikono yake haikusimama hata kidogo, wala haangalii anapogonga.

Jikoni hawakaangii. Wanayamwagia juu ya couscous (chembe ndogo za ngano zinazopikwa kwa mvuke) ikishaiva, au saladi. Asubuhi kuna amlou: lozi zilizokaangwa, zikasagwa pamoja na argan na asali, unachovya mkate. Ile chupa yako ya chai, kazi yake ni hiyo.

Baharia_77
Na zile picha za mbuzi juu ya mti ni kweli au za kutengenezwa?

Msomi_Rabat
Kweli mkuu, wanapanda wenyewe kufuata tunda. Ila wale waliojipanga vizuri kando ya barabara ya watalii, wengi wamepandishwa na mwenye mbuzi ili upige picha ulipe.

Saluni_Majengo_MSA
Mimi ni msusi, nijibu upande wa nywele. Shoga, usiache nazi. Nazi inaingia ndani ya unywele wenyewe, kwa sababu mafuta yake mengi ni asidi ya lauriki, ambayo ni ndogo na inapenya. Ukipaka usiku wa kuamkia kuosha, nywele hazipotezi protini nyingi kwenye shampuu. Argan kazi yake kubwa ni juu juu: inalainisha, inang'arisha, inatuliza ncha zilizochakaa. Kwa hiyo hapa kwangu nazi ni kabla ya kuosha, argan ni matone mawili matatu baada ya kuosha, nywele zikiwa bado na unyevu. Ukizidisha utaonekana umetoka kukaanga viazi.

Wateja wananiletea chupa zimeandikwa "argan" kwa herufi kubwa mbele. Geuza nyuma usome. Kama majina ya kwanza yanaishia na -cone au -siloxane, hiyo ni silikoni, kilainishi cha kiwandani, iliyodondoshewa argan. Si sumu, nywele zitang'aa kweli, lakini usilipe bei ya mafuta halisi. Chupa safi ina jina moja tu: Argania Spinosa Kernel Oil.

Mpishi_Lindi
Na mimi niwatetee wakulima wa kwetu kabla hamjatuuza wote Morocco. Ufuta na argan ni ndugu wa karibu kuliko mnavyodhani. Yote mawili, sehemu kubwa ni asidi mbili za mafuta zilezile, oleiki na linoleiki. Argan ina oleiki zaidi kidogo, ufuta wenyewe umegawanyika karibu nusu kwa nusu. Vitamini E ipo kote kote. Na ufuta una sesamoli, kinga yake ya asili, ndiyo maana hauchachi haraka.

Kwa hiyo jikoni sioni sababu ya kununua argan ya pili. Kaanga ufuta wako kwa moto mdogo mpaka uanze kudunda kwenye kikaango, kisha kamua. Umwagie juu ya kachumbari au mchicha. Ladha si ileile, nakubali, argan ina utamu fulani kwa mbali. Lakini utamu huo unaulipia mara ngapi?

Baharia_77
Je, kukaangia samaki?

Mpishi_Lindi
Argan? Utakuwa umekaanga noti. Tumia alizeti, mkuu.

BintShangani_Muscat
Assalaam aleikum wanangu. Mimi nitasema habari ya uso, maana hapo sikubaliani na wanaosema nazi inatosha kila mahali. Nimetumia nazi usoni tangu usichana, na kila joto la Muscat likipanda, vipele kidevuni. Ni nzito, inaziba vinyweleo kwa wenye ngozi kama yangu. Argan nimepaka mwaka wa pili huu, matone matatu usiku juu ya uso wenye maji maji, vipele vimepungua sana. Ufuta niliujaribu, ngozi iliupenda lakini mume wangu akasema nanukia halua.

Huku sokoni tunauziwa chupa nyeupe za plastiki, zimekaa juani toka asubuhi. Msinunue. Mafuta haya hayapendi mwanga wala joto. Chagua chupa ya kioo cha kahawia, iweke kabatini. Na mwenye mzio wa njugu au lozi ajaribu kwanza kidogo kwenye mkono, asubiri siku nzima.

Jirani_Thika
Kuna mtu aliniambia niweke kwenye friji, yakiganda ni feki. Ni kweli?

Saluni_Majengo_MSA
Hapana. Yakiganda kabisa, pengine yamechanganywa na kitu kama nazi, sawa. Lakini alizeti nayo haigandi kwenye friji, na ndiyo rahisi kuchanganyia. Friji haitakwambia kitu.

Msomi_Rabat
Nyongeza kwa wenye ndugu wanaosafiri: waagizeni kwenye vyama vya ushirika vya akina mama, siyo duka la uwanja wa ndege. Kimojawapo cha mwanzo, Amal cha Tamanar, kilianzishwa 1996 kwa juhudi za Profesa Zoubida Charrouf, mkemia wa Chuo Kikuu cha Mohammed V. Angalau fedha inafika kwa anayejigonga vidole.

Mwaju_Mbagala
Asanteni, shikamoo Bi Shangani. Nimeamua: nywele nazi, jikoni ufuta, uso nitanunua kichupa cha argan kimoja na nitakibania.

Ile ya chai nimeifanyia amlou jana. Lozi hazishikiki bei, nikatumia korosho za Mtwara, nikasaga kwa blenda na asali ya Tabora. Ilinigomea mwanzoni, ikawa kama udongo wa mfinyanzi, mpaka nilipoongeza mafuta kijiko kimoja kimoja. Nikawapa watoto na chapati. Msomi, rafiki yako wa Agadir asijue, lakini bakuli limerambwa.