Nilibatizwa nikiwa mchanga, sasa natakiwa kubatizwa kwa maji mengi. Nitakuwa nimetii au nimekana?

Mwanzisha uzi

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Naleta kwenu jambo lililoninyima usingizi kwa wiki mbili, na naomba ushauri wa watu waliolitafakari, hata kama hautanifurahisha.

Nilibatizwa nikiwa na umri wa miezi miwili. Nilimwagiwa maji kichwani mara tatu kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na nilipopata akili nikafundishwa na kupokea kipaimara. Baadaye niliacha kabisa kwenda kanisani, kwa zaidi ya miaka kumi. Niliporudi kwa Bwana, nilirudi kupitia ushirika wa kanisa jingine ambalo halibatizi watoto wachanga, na ni huko nilikojifunza kusoma Neno kwa njaa ambayo sikuwahi kuwa nayo. Sasa nimeombwa kufundisha watoto, lakini mchungaji amenieleza kwa upole kwamba sharti kwanza nibatizwe kwa kuzamishwa, kwa kuwa kwa mafundisho yao yale ya utotoni hayakuwa ubatizo. Zimebaki wiki tatu.

Nilipomweleza mama, hakukasirika. Aliingia chumbani akatoka na bahasha yenye cheti changu, kitambaa cheupe kilichokwisha kugeuka manjano kwenye mikunjo, na mshumaa ulioungua hadi nusu. Aliviweka mezani kimoja kimoja, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo siku ile mimi na baba yako tulikuwa tunacheza?" Sikuwa na la kumjibu.

Naomba mnisaidie. Nikiingia majini, nitakuwa nimetii agizo la Bwana au nimekana alichokwisha kunitendea? Na nisipoingia, nitakuwa namheshimu Mungu, au naogopa tu kumuumiza mama?

Mzee wa Kanisa

Dada yangu, Bwana asifiwe. Mimi ni wa upande wa mchungaji wako, kwa hiyo niruhusu nikueleze tunavyoamini, maana mara nyingi tunasikika kana kwamba tunadharau ibada za wengine.

Sisi hatusemi kwamba unabatizwa mara ya pili. Tunasema kwamba ubatizo ni jibu la mtu aliyeisikia Injili na kuiamini, na kwamba katika Matendo ya Mitume mpangilio ndio huo: siku ya Pentekoste waliolipokea neno ndio waliobatizwa, na yule towashi Mwethiopia alisikia kwanza habari za Yesu ndipo akasema, "Tazama, maji haya, ni nini kinachonizuia nisibatizwe?" Neno lenyewe la Kigiriki lina maana ya kuchovya au kuzamisha, na Warumi 6 inazungumzia kuzikwa pamoja na Kristo na kufufuka katika upya wa uzima. Mtu anayeshuka chini ya maji akainuliwa tena anaihubiri picha hiyo kwa mwili wake mwenyewe.

Ujue pia kwamba msimamo huu haukuzaliwa na kiburi. Januari 1525, mjini Zürich, kikundi kidogo cha waamini kilianza kubatizana kwa imani yao wenyewe, na miaka miwili baadaye mmoja wao, Felix Manz, aliuawa kwa kuzamishwa mtoni kwa sababu hiyo. Watu hawatoi uhai wao kwa jambo la kiutaratibu tu.

Hata hivyo kuna jambo katika maelezo yako linalonisumbua. Umeandika kwamba unabatizwa ili uruhusiwe kufundisha. Ungekuja kwangu na sababu hiyo, ningekuomba usubiri, kwa sababu maji hayo si fomu ya kuombea kazi.

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Namshukuru Mzee kwa maneno yake ya mwisho, lakini kwa yaliyotangulia sina budi kumpinga kwa heshima.

Kwetu sisi swali la kwanza juu ya ubatizo ni Mungu alimtendea nini mtu huyo. Mtu alielewa nini siku ile ni swali linalofuata. Mlinzi wa gereza la Filipi alibatizwa pamoja na watu wake wote usiku uleule, na Lidia pamoja na nyumba yake. Nakiri kwamba Maandiko hayatutajii umri wa waliokuwamo katika nyumba hizo, lakini yanatuonyesha neema ikiingia kwa nyumba nzima. Kuhusu wingi wa maji, Didakhe, ambayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kikristo nje ya Agano Jipya, inaelekeza kubatiza katika maji yanayotiririka, na yasipopatikana, katika maji mengine, na yote mawili yakikosekana, kumwagia kichwani mara tatu. Kwa hiyo kuzamisha ni kwa kale na kwema, lakini kumwagia nako hakukuzuka juzi.

Swali lako lenyewe, dada, limekwisha kuulizwa. Katika karne ya 3, Sipriani, askofu wa Karthago, alitaka watu waliobatizwa na wazushi wabatizwe upya, lakini Stefano, Askofu wa Roma, alikataa, akashikilia kwamba wapokewe kwa kuwekewa mikono. Baadaye Augustino, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, alifundisha kwamba awe ni Petro anayebatiza au awe ni Yuda, mbatizaji ni Kristo. Ndiyo maana kwetu hata mtu asiye padri anaweza kubatiza panapo hatari ya kifo, mradi atumie maji na maneno ya Utatu na akusudie kufanya lile Kanisa linalofanya. Na pale ambapo hakuna uhakika kama mtu alibatizwa, mhudumu husema, "Kama hujabatizwa, mimi nakubatiza." Nimekuwapo mara kadhaa neno hilo "kama" likitamkwa, na kila mara nimeona jinsi padri anavyolitamka polepole, kwa kuogopa kurudia lisilorudiwa. Wewe una cheti. Huna shaka ya namna hiyo.

Nikukumbushe pia kwamba huyo Augustino alikuwa na mama Mkristo, Monika, lakini ubatizo wake uliahirishwa tangu utotoni, akabatizwa na Ambrosi mjini Milano mwaka 387, akiwa na miaka 32. Walioahirisha na wasioahirisha wote wamo katika historia yetu, na ubatizo wa wote wawili ni mmoja.

Niliyerudia

Nitasema kwa ufupi. Nilibatizwa tena ili nifunge ndoa katika kanisa la mwenzangu. Hakuna aliyenilazimisha, lakini hakuna aliyeniuliza ninaamini nini. Nilitubu kwa dhati miaka mitano baadaye, peke yangu, na hadi leo sijui niseme nilibatizwa lini. Usiingie majini mpaka uwe na jibu lako mwenyewe.

Mlezi wa Wanandoa

Mdogo wangu, swali la mama ni swali halisi, naye anastahili kujibiwa kabla ya mchungaji. Rudi kwake, na safari hii uwe wewe unayeuliza: siku ile aliulizwa nini mbele ya kanisa, na alijibu nini kwa niaba yako? Wazazi na wasimamizi waliahidi kukulea katika imani. Kama leo unasoma Neno kwa njaa, huenda ahadi hiyo imetimia kwa njia ambayo hakuitazamia.

Kwa mchungaji nako kuna la kuuliza. Yapo makanisa yanayobatiza watu wazima tu ambayo hata hivyo humpokea mtu wa namna yako kwa ungamo la imani mbele ya ushirika. Hati ya Lima ya mwaka 1982, iliyotolewa na Tume ya Imani na Utaratibu ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni, inasema ubatizo haurudiwi. Hailifungi kanisa lake, lakini inampa mahali pa kuanzia mazungumzo.

Mwanzisha uzi

Nimerudi, na nawashukuru nyote. Maneno ya Mzee yalinichoma, kwa sababu ni kweli: nilikuwa nimekwisha kuandaa masomo ya watoto kabla sijajiuliza maji yale yana maana gani kwangu.

Nimezungumza na mama kwa jioni nzima. Alikumbuka kwamba aliulizwa kama anamkataa Shetani, na kwamba sauti yake ilitetemeka kwa sababu nilikuwa nimelazwa siku chache kabla, hakujua kama ningepona. Sikuwahi kuambiwa hilo. Siwezi tena kusema kwamba siku ile hakuna kilichotokea.

Nimemwomba mchungaji aliondoe jina langu katika orodha, na nimeomba kupokewa kwa ungamo la imani. Amesema atalipeleka kwa wazee, na kwamba hawezi kuniahidi. Watoto watafundishwa na mwingine kwa sasa. Limeniuma, lakini nimelikubali.

Katekista, naomba msaada mmoja zaidi: mama angependa nirudie ahadi zile kwa kinywa changu, naye akiwapo. Yanaulizwa nini hasa?

Katekista Mstaafu

Utaulizwa mara tatu kama unamkataa Shetani, na mara tatu kama unamsadiki Mungu: Baba, Mwana, na Roho Mtakatifu. Katika mkesha wa Pasaka kanisa zima huulizwa hivyo, kila mtu akiwa ameshika mshumaa unaowaka. Njoo na ule wa mama, nusu iliyobaki inatosha.