Mahindi darini, panya, viroboto na kantangaze: nianze na kipi?

Mama wa Soni (swali)

Ndugu wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Ninaishi kwenye vilima vya Soni, wilayani Lushoto. Nyumba yetu ni ya matofali ya udongo, na jikoni sakafu bado ni ya udongo mtupu. Mahindi tunayahifadhi darini juu ya meko, yakiwa kwenye magunzi yake kama walivyofanya wazazi wetu, na kuku hulala humo humo jikoni kwa kuhofia vicheche. Mwaka huu waharibifu wametuzidi kwa wakati mmoja: mahindi yanamwaga unga ingawa hayajakaa muda mrefu tangu kuvunwa, panya wanapita darini usiku kucha, watoto wanaamka wakiwa wameumwa na viroboto miguuni, na huko bustanini nyanya zimeingiwa na kantangaze (nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda), huku kabichi zikitobolewa kabla hazijafunga. Hata miche michache ya parachichi niliyoipanda imeanza kuliwa na mchwa.

Jirani yangu ananishauri ninunue unga wa sumu unaouzwa mnadani katika vifuko visivyo na lebo, ambao anasema unaua kila kitu, niutumie darini, jikoni na bustanini. Kabla sijautumia ningependa kuwasikia wenye uzoefu. Fedha nilizonazo hazitoshi kufanya yote kwa pamoja, kwa hiyo swali langu kubwa ni nianze na lipi. Pia ningependa kujua kama moshi wa meko unatosha kuzuia dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, na kama kuna namna ya kulinda mboga, ambazo tunakula wenyewe na nyingine tunauza, bila kupiga dawa kila wiki.

Afisa Ugani Mstaafu, Korogwe

Mama, salaam. Nimesoma maelezo yako zaidi ya mara moja, na ninaona kwamba matatizo matatu kati ya hayo uliyoyataja yanatoka mahali pamoja, yaani darini. Mahindi yaliyo kwenye magunzi ndani ya nyumba ndiyo yanayomlisha dumuzi, ndiyo yanayomwita panya, na panya naye ndiye anayeingiza viroboto mahali mnapolala. Kwa hiyo fedha yako ya kwanza itumie kuyatoa mahindi hayo darini, kabla hujanunua chochote cha kunyunyiza.

Kuhusu moshi, wazazi wetu walikuwa na sababu ya kuutegemea, kwa kuwa unakausha punje na kuwasumbua fukusi wa kawaida. Dumuzi, hata hivyo, hakuwepo katika nchi hii walipoanza utaratibu huo. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa kwetu alionekana kwanza mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha akasambaa pamoja na mahindi yaliyosafirishwa, hadi watu wakampa jina la Scania kutokana na malori. Mdudu huyu anapenda mno mahindi ambayo hayajapukuchuliwa, kwa sababu punje zilizoshikana kwenye gunzi zinampa mahali pa kujiegemeza anapotoboa. Zaidi ya hayo, anatoboa na kuishi katika mbao na miti mikavu, kwa hiyo boriti za dari lako yumkini zinamhifadhi kutoka msimu hadi msimu, na hata ukiyaondoa mahindi yote leo, yale mapya yatashambuliwa ukiyarudisha palepale.

Pukuchua mahindi yote, pepeta, tenga yaliyotobolewa, kisha uyaanike vizuri. Najua kwamba huko juu kwenu miezi ya Julai na Agosti ina baridi na mawingu, na kukausha ni kazi ngumu, lakini punje zinapaswa kufikia unyevu wa asilimia 13 au chini yake. Kama hakuna kipimo, chukua chupa safi iliyo kavu kabisa, weka mahindi hadi theluthi yake, ongeza kijiko cha chumvi kavu, tikisa vizuri na uiache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15. Isiponata, bado ningekushauri uanike kwa siku moja au mbili zaidi, kwa kuwa njia hii haiwezi kutofautisha asilimia 15 na 13.

Baada ya hapo una njia mbili. Ya kwanza ni mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo humaliza oksijeni ndani yake hadi wadudu wanakufa bila sumu yoyote. Punje zinajazwa katika mfuko wa ndani kabisa, hewa inakamuliwa, kisha kila tabaka linafungwa peke yake kwa kukaza sana. Ya pili ni unga wa kuhifadhia nafaka uliosajiliwa, ule wenye viambato viwili, pirimifosi-methili na permethrini. Viambato hivyo huwekwa pamoja kwa sababu cha kwanza kinamuua fukusi vizuri lakini hakimwezi sana dumuzi, na cha pili ndicho kinachomwangusha dumuzi. Kiasi cha kuchanganya ni kile kilichoandikwa kwenye pakiti, nacho ni kwa punje zilizopukuchuliwa. Kuupaka juu ya magunzi ni kuutupa.

Mkulima wa Kongwa

Ninakubaliana na mzee wangu kuhusu kupukuchua, lakini ninaomba kuongeza tahadhari juu ya mifuko. Dumuzi wengi wakiingia pamoja na mahindi, wanaweza kutoboa plastiki kabla hewa haijaisha ndani, na panya akitafuna tundu moja dogo mfuko wote umepoteza kazi yake. Ndiyo maana kwa mtu ambaye tayari ana dumuzi wengi na panya wengi, mimi ningependelea msimu huu atumie unga uliosajiliwa, halafu ahamie kwenye mifuko msimu ujao atakapokuwa na mahindi safi. Mifuko ikishajazwa, iwekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, na mahali ambapo mtu anaweza kuizunguka na kuikagua.

Afisa Ugani Mstaafu, Korogwe

Hoja yako ni ya kweli, ndugu yangu, na kwa hali ya Mama huyu ninaikubali. Ningebakiza mfuko mmoja au miwili kwa ajili ya mbegu na mahindi yatakayoliwa mwisho kabisa, yakiwa yamepepetwa kwa makini.

Afisa Afya ya Mazingira

Mama wa Soni, mimi ninafanya kazi ya afya, na ninaomba usikimbilie kuua panya kwanza. Panya akifa, viroboto waliokuwa mwilini mwake huondoka mzoga unapopoa na kutafuta damu nyingine, ambayo katika nyumba yako ni ya kuku, paka au watoto. Wilaya ya Lushoto inalijua jambo hili kuliko nyingine nyingi nchini, kwa sababu tauni ilizuka huko mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ugonjwa huo huenezwa na viroboto wa panya, na kuhifadhi mahindi katika nyumba ya kulala ni miongoni mwa mambo yanayowaleta panya hao karibu na watu. Sisemi hivi ili kukutisha. Ninasema ili ufuate utaratibu unaofaa.

Kati ya panya na viroboto, anza na viroboto. Mabuu yake hayaishi mwilini mwa mnyama bali katika vumbi la sakafu, yakila uchafu laini uliomo humo, na ndiyo maana sakafu ya udongo isiyofagiliwa pembeni na chini ya vitanda huwazalisha kwa wingi. Nyunyiza maji kidogo, fagia kila siku hadi kwenye kona, choma takataka hizo, anika matandiko juani, na ukiweza siriba sakafu upya kwa udongo mfinyanzi ili nyufa zizibe. Kisha tumia unga wa permethrini ulioandikwa wazi kwamba ni wa matumizi ya nyumbani, ukiunyunyiza kwenye nyufa, chini ya vitanda na katika njia wanazopita panya. Rudia baada ya wiki mbili kwa kufuata lebo, kwa sababu kiroboto aliye ndani ya kifukofuko hafikiwi na dawa. Kuku nao wajengewe banda lililoinuliwa kutoka ardhini, nje ya jiko, lenye mlango unaofungwa vizuri ili vicheche wasiingie.

Hapo ndipo utege panya. Mitego ya kubana inafaa kuliko sumu ndani ya nyumba: iweke kando ya ukuta, upande wa chambo ukielekea ukutani, kwa kuwa panya hutembea akigusa ukuta na si katikati ya chumba. Dagaa wa kukaanga au kipande cha nazi kilichochomwa ni chambo kizuri. Tega mitego mingi kwa usiku uleule, kwa sababu panya shamba wanaoingia majumbani baada ya mavuno huzaa haraka sana. Mimba yao ni ya siku 23 hivi, na uzao mmoja huwa na wastani wa watoto 11. Mtego mmoja hauwezi kushindana na uzazi wa namna hiyo. Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Tumia koleo au mfuko wa plastiki, kisha mzoga uzikwe au uchomwe.

Ukiona panya wanakufa ovyo bila wewe kuweka sumu, au mtu yeyote akipata homa ya ghafla pamoja na uvimbe wa tezi kwenye kinena, kwapa au shingo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tauni inatibika kwa antibiotiki ikiwahiwa.

Kuhusu unga wa mnadani usio na lebo, jibu langu ni hapana, kwa sauti kubwa. Hujui ni kiambato gani, hujui kipimo, na daktari hatajua amtibu nini mtoto wako akiugusa kisha akaweka mkono mdomoni. Vivyo hivyo, vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini visitumike kamwe katika nyumba wanamolala watu. Gesi hiyo hupenya mlangoni na darini, na familia hufa usingizini. Kiuatilifu halali kina lebo inayoonyesha kwamba kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na duka linaloaminika halitakuuzia kilichopimwa kwa kijiko.

Neno moja zaidi: mkimwona bundi karibu na nyumba, msimfukuze kwa kudhani ni uchuro. Anakula panya kila usiku, na panya waliolishwa sumu humuua yeye pia.

Mkulima wa Mboga, Mlalo

Mama, nikupe salamu za jirani wa milima ileile. Wenzangu wameshazungumzia nyumba, basi mimi nitabaki bustanini.

Kantangaze aliingia nchini mwaka 2014 kupitia Arusha, akiwa ametokea Amerika ya Kusini kwa njia ya Ulaya. Ugumu wake ni kwamba kiwavi huishi ndani ya jani au ndani ya tunda, kwa hiyo dawa inayobaki juu ya jani haimfikii, na wakulima wengi huongeza kipimo na idadi ya kupiga hadi mdudu anakuwa sugu. Mimi ninategemea zaidi mikono na mtego. Kagua nyanya mara mbili kwa wiki, chuma kila jani lenye michirizi mipana ya weupe na kila tunda lenye tundu, viweke katika mfuko wa plastiki uliofungwa na uuache juani hadi vioze. Kuvitupa pembeni mwa shamba ni kumlea nondo. Weka beseni la maji yenye sabuni, na juu yake uning'inize kivutio cha harufu cha madume ambacho maduka ya pembejeo huuza, ili ujue wanapoanza kuongezeka. Usipande nyanya, viazi mviringo au biringanya mahali palepale mfululizo, na msimu ukiisha ng'oa mabaki yote.

Kabichi zako, kwa maelezo hayo, zimeliwa na viwavi wa nondo mgongo almasi. Huyu amekuwa sugu kwa viuatilifu vingi, na kupiga dawa kali kila wiki huwaua nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi hao na kuwamaliza. Nyigu mmoja wa namna hiyo aliletwa Kenya na kuachiliwa huko Taita mwaka 2002, kisha akapelekwa katika nchi jirani, nasi tungemfaidi zaidi kama tungeacha kumuua. Ikibidi kupiga, chagua dawa ya bakteria aina ya Bt, ambayo huua viwavi wanaokula jani na kuwaacha nyigu salama.

Mwarobaini haupendi baridi yetu, lakini mbegu zake zinapatikana huko chini Mombo. Saga kokwa zilizomenywa, loweka gramu 50 kwa kila lita ya maji usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo na upige jioni, kwa kuwa jua huvunja nguvu yake. Utupa nao unasaidia dhidi ya vidukari, kwa kiasi cha kilo moja ya majani yaliyotwangwa katika lita 10 za maji. Usioshee vyombo vyake mferejini wala mtoni, maana ndio mmea uleule unaotumiwa kulewesha na kuua samaki, na maji ya mifereji yetu yananywewa na watu walio chini.

Mama wa Soni

Ninawashukuru sana, wazee wangu na ndugu zangu. Unga wa mnadani sitaununua. Tutaanza kupukuchua juma hili, na mume wangu amekubali kujenga banda la kuku. Nina swali dogo lililobaki: je, miche ya parachichi niimwagie oili chafu kama wengi wanavyofanya, ili mchwa waache?

Afisa Ugani Mstaafu, Korogwe

Usimwage oili, Mama. Inaharibu udongo na mizizi ya mche wenyewe. Mchwa hupenda mche uliodhoofishwa na kiu, kwa hiyo mwagilia vizuri katika kipindi hiki cha ukame, na matandazo yakae umbali wa shubiri moja kutoka kwenye shina. Rundika mabua makavu kidogo pembeni, mbali na miche, ili mchwa wapate chakula huko. Kama kuna kichuguu karibu, kichimbwe hadi malkia apatikane na kuondolewa, maana kubomoa juu tu hakuwazuii kujenga tena. Kuni zenu pia ziondoeni ukutani, na kila njia ya udongo ya mchwa mtakayoiona ikipanda ukutani ivunjwe mara moja na kufuatiliwa inakoanzia, hasa kabla mvua za vuli hazijaanza na kumbikumbi kuruka.