Wikipedia ilipobadilishwa sura, msomaji wa kawaida aliulizwa wapi?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja niliyokaa nayo muda mrefu, naomba tuijadili kwa utulivu.

Tarehe 18 Januari 2023 Wikipedia ya Kiingereza iliamka na sura mpya. Ile tuliyoizoea tangu 2010, maandishi yakitanda kutoka ukingo mmoja wa kioo hadi mwingine, iliwekwa kando. Hii mpya, Vector 2022, imebana maandishi katikati. Orodha ya yaliyomo imehamia kushoto na inakufuata unaposhuka. Majina ya lugha yaliyokuwa yamejipanga pembeni yameingizwa ndani ya kitufe kimoja, juu, jirani na kichwa cha makala.

Tuwe wakweli, Wikimedia Foundation, taasisi inayoendesha Wikipedia, hawakukurupuka. Walianza kuijaribu mwaka 2020 kwenye Wikipedia za lugha chache, ya Kifaransa ikiwemo, wakakusanya maoni na kurekebisha njiani. Pamoja na yote hayo, wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili walipiga kura na kwa kauli moja wakataka sura ya zamani irudishwe.

Kura ile naiheshimu, maana hao ndio wanaobeba kazi usiku na mchana bila malipo. Lakini najiuliza: msomaji aliulizwa wapi? Mhariri ana akaunti. Sura mpya ikimkera anaingia kwenye Mapendekezo, anachagua Vector ya 2010, anaendelea na kazi zake. Msomaji wa kupita hana akaunti, hajui kwamba kuna mjadala, na wala hajui kwamba kuna kitu kinaitwa Vector. Na hao ndio wengi.

Linaloniuma hasa ni lugha. Zamani ukifungua makala ya Kiingereza kuhusu malaria, ukitupa jicho kushoto unakuta neno "Kiswahili" limeandikwa waziwazi katikati ya Kireno na Kijapani. Hata kama hukuwa unalitafuta, linakwambia: hii ipo kwa lugha yako. Sasa hadi ubonyeze kitufe. Na anayebonyeza ni yule ambaye tayari anajua kuna kitu ndani. Mtoto wa kidato cha pili anayeamini kwamba mambo ya maana yapo kwa Kiingereza tu hatabonyeza.

Mimi nina stesheneri. Watu wanakuja kuchapa, kuskani, kujaza maombi ya kazi na ya chuo. Pale kaunta nina daftari la mistari nililomwandikia kijana ninayefanya naye kazi: kila tovuti ina ukurasa wake, na hatua zimechorwa kwa peni. "Bonyeza cha kijani. Shuka. Cha pili kulia. Chapa." Kuna tovuti moja ya huduma, siitaji jina, ilibadilishwa usiku bila hata tangazo. Asubuhi cha kijani kimekuwa cha bluu, na fomu imejificha ndani ya vile vistari vitatu vya kwenye kona. Mama mmoja alikuja na mwanawe, siku ya mwisho ya maombi, foleni nyuma yake watu saba. Kijana anapekua daftari, anatazama kioo, anapekua tena. Fomu ilipatikana baada ya dakika arobaini. Yule mama alikaa muda wote ameshika noti ya elfu mbili mkononi.

Ndiyo maana nasema tovuti inayotumiwa na umma isibadilishwe kwa maoni ya wajuzi peke yao. Nyie mnaonaje?

Mchangiaji wa pili

Mkuu, pole kwa siku ile, lakini kwa Wikipedia nakupinga kwa heshima.

Maandishi kubanwa si urembo. Jicho likifika mwisho wa mstari mrefu linapotea njia ya kurudi mwanzo wa mstari unaofuata, na ndiyo sababu magazeti yamepangwa kwa safu tangu zamani. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, kuhusu kurahisishia kila mtu kusoma nayo, kwenye ngazi yake ya juu kabisa, inataka mstari usizidi herufi 80. Sura ya zamani kwenye kioo kipana ilikuwa inavuka hapo mara mbili. Tuliizoea tu.

Halafu unasema msomaji asiye na akaunti hana mlango. Alikuwa na mlango mdogo, na umepanuliwa kwa sababu watu walilalamika. Kitufe cha kupanua maandishi kiliwekwa, kikarekebishwa hadi kikakumbuka chaguo lako hata kama hujaingia. Mwaka 2024 wakaongeza ukubwa wa herufi na rangi ya giza kwa ajili ya kusoma usiku, navyo havihitaji akaunti.

Tena angalia kwenye Wikipedia ya Kiingereza yenyewe. Baada ya sura mpya kuwekwa, wahariri waliitisha mjadala wa kuirudisha ya zamani. Waliotaka irudi walikuwa wengi kuliko waliokataa, na bado haikurudi, kwa kuwa pale hoja hupimwa uzito, hazihesabiwi vichwa. Mimi naona ni sawa. Kila kitu kipya kinachukiwa wiki tatu za mwanzo. Tukienda kwa kura ya hasira, hakuna kitakachobadilishwa hata kile kilichooza.

Mchangiaji wa tatu

Shikamooni mnaostahili, na wengine marahaba. Nimefundisha miaka thelathini na moja, macho yamechoka.

Mwanangu wa stesheneri, naunga mkono hoja yako ila nakuongezea kitu. Sisi wenye macho mabovu tunakuza ukurasa, Ctrl na alama ya kujumlisha, mara mbili, mara tatu. Ukikuza, kompyuta inahesabu kwamba dirisha limekuwa jembamba. Jaribu kwenye kompyuta ndogo ya mkononi: ukifika hatua fulani, ile orodha ya yaliyomo inayosifiwa kwamba inakufuata inajikunja na kuwa kitufe. Kwa hiyo anayeihitaji zaidi, ambaye kupanda na kushuka kunamchosha, ndiye inayemkimbia. Siwalaumu waliotengeneza. Nafasi ikipungua lazima kitu kiondoke. Ila anayesema "tulipima" napenda nimuulize: mlimpima mtu wa umri gani, akiwa ameketi mbele ya kioo cha ukubwa gani?

Mchangiaji wa nne

Hamjambo kutoka Nakuru. Ndugu mleta mada, mimi nawaona nyote mnazungukia mti.

Kwanza, sura hii ni ya kompyuta. Wengi wetu twasoma kwa simu, na ukurasa wa simu ni mwingine kabisa, haukuguswa na haya.

Pili, jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Sura mpya huja na maneno mapya: majina ya vitufe, maelezo, maonyo. Yote hutafsiriwa na watu wa kujitolea kule translatewiki.net, na lile ambalo halijatafsiriwa hujitokeza kwa Kiingereza katikati ya ukurasa wa Kiswahili. Kijerumani kina watafsiri tele, pengo huzibwa haraka. Kiswahili tuko wangapi? Mzigo wa kila badiliko huangukia lugha yenye mikono michache. Hapo ndipo mimi naielewa ile kura, ingawa siwezi kusema waliopiga walikuwa na sababu hiyo akilini. Badala ya kulumbana juu ya upana wa mstari, na ahidiwe hivi: sura isiwashwe katika lugha yoyote kabla maneno yake hayajatafsiriwa yote.

Mchangiaji wa pili

Hilo la tafsiri nalikubali moja kwa moja. Sikulifikiria.

Mchangiaji wa tano

Mimi ni mtengeneza tovuti, niseme la upande wetu. Mteja akitaka sura mpya, anataka watu waione siku ya uzinduzi. Ukimwambia tuache ya zamani wazi miezi sita anaona unamtia hasara, kwa sababu kutunza sura mbili ni gharama mara mbili. Lakini mifano ipo. Digg, tovuti ya watu kushirikishana habari na viungo, walibadilisha kila kitu kwa mpigo Agosti 2010, watumiaji wakahamia kwa makundi Reddit, tovuti nyingine ya aina hiyo. Reddit nao walipobadilisha mwaka 2018 waliiacha ya zamani kwenye anwani yake, old.reddit.com, na anayeitaka anaifuata huko. Yule mama wa stesheneri angeponywa na kiungo kimoja tu juu ya ukurasa: "Rudi kwenye muonekano wa zamani." Ni mstari mmoja. Nimejenga tovuti tatu mwaka huu na sijauweka hata mara moja. Hilo nalibeba.

Mleta mada

Nashukuru wote. Mwalimu, marahaba nimeipokea, na mimi nakuamkia: shikamoo.

Mkuu wa pili, kwenye upana wa mstari umenishinda. Nimefungua sura zote mbili sambamba hapa dukani na kweli, ya zamani nilikuwa naisoma kwa kidole. Kaka wa Nakuru, hoja yako ya tafsiri naipandisha juu ya yangu.

La lugha sijaliachia. Ila nimeona nimesema mengi kwa kukisia mtu mwingine atafanya nini, jambo lile lile ninalowalaumu nalo wajuzi. Kesho asubuhi kompyuta ya pili haina kazi. Nitafungua makala ya malaria ya Kiingereza, kila mteja anayesubiri fotokopi nimwombe anitafutie hiyo hiyo kwa Kiswahili, bila kumwelekeza. Nitaandika kwenye daftari nani aliipata, nani hakuipata, na kidole kilianza kwenda wapi. Jumamosi jioni nayaleta hapa.