Ngoma ina watazamaji laki nne YouTube lakini chati haionekani. Strimu zinahesabiwaje? Naomba ushauri

Meneja wa Kinyerezi (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za muda huu. Nasimamia kazi za msanii wa bongo fleva. Ngoma yake ina watazamaji laki nne YouTube, Boomplay inasogea, lakini kwenye chati za Spotify na Apple Music haipo hata mkiani. Singo nyingine inatoka mwezi ujao. Bajeti ya promo ni milioni mbili na nusu, na mwenye hela anataka yote iende matangazo ya YouTube. Kuna jamaa naye anauza kifurushi cha "strimu laki moja ndani ya siku kumi". Naomba kujua:
1. Strimu moja ni nini hasa?
2. Watazamaji wa matangazo ya kulipia wanaingia kwenye chati?
3. Mashabiki wa London na Minneapolis wanaweza kutupandisha chati za huko?
4. Siku ya kutoa ngoma ina maana yoyote?

Fundi Spika
Mkuu, mizani ya mangi na ya sonara zote zinapima, ila huwezi kupeleka kilo ya sukari kwa sonara. Laki nne za YouTube ni za YouTube. Chati ya Spotify inasoma Spotify peke yake, na ya Apple Music inasoma Apple Music peke yake. Apple Music haina daraja la bure kama Spotify, kwa hiyo shabiki asiyelipia hata akiipenda ngoma yako kufa, kule hayupo. Halafu si kila nchi ina chati yake Spotify. Hakikisha kwanza hiyo unayoitafuta ipo.

Strimu moja Spotify ni mtu kusikiliza sekunde 30 au zaidi. Akiruka sekunde ya 25, hujapata kitu. Ndiyo maana utangulizi wa kinanda sekunde 40 pamoja na kutaja majina ya studio ni hasara.

Aliyepakua ndani ya programu akasikiliza bila bando anahesabiwa simu ikirudi hewani. Lakini MP3 inayozunguka WhatsApp, flashi za bodaboda na miksi za madj haiingii popote. Mtaani inaweza kuwa inatikisa na kwenye chati ikawa sifuri, wala hakuna aliyekuibia.

Binti Takwimu
Naongezea swali la 2, maana hapo ndipo hela itakapopotea. Tangu Septemba 2019 YouTube haihesabu watazamaji waliotokana na matangazo ya kulipia kwenye chati zake za muziki, wala kwenye rekodi za saa 24 za kwanza. Namba chini ya video itapanda, nafasi kwenye chati haitasogea kwa watazamaji hao. Tangazo linafaa kama lengo ni watu waijue ngoma kisha wairudie wenyewe. Marudio hayo yanahesabika.

Na msimwahidi bosi "kutrendi namba moja" kwa mazoea. Ukurasa ule YouTube waliuondoa 2025. Zilizobaki ni chati zao, na ya nyimbo hujumlisha video rasmi, video ya maneno na video za watu waliotumia sauti yenu. Kwa hiyo hakikisha msambazaji wako (kampuni inayoziweka nyimbo zenu kwenye mitandao ya muziki) amesajili sauti hiyo kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua rekodi.

Msomaji Kimya
Kuhusu Marekani, kwenye chati ya albamu ya Billboard (jarida la huko linalotoa chati za muziki) strimu 1,250 za kulipia ni sawa na albamu moja iliyouzwa, na za bure 3,750.

Binti Takwimu
@Msomaji Kimya, hiyo ni hesabu ya 2018, imeshapitwa. Kuanzia chati ya tarehe 17 Januari 2026 ni 1,000 za kulipia au 2,500 za bure kwa albamu moja. Strimu 60,000 za kulipia zamani zilikuwa albamu 48, sasa ni 60. Za bure zilikuwa 16, sasa ni 24. YouTube hawakuridhika kuona strimu ya bure ikipewa uzito mdogo, wakatangaza kuacha kuwapelekea Billboard takwimu zao baada ya tarehe 16 mwezi huohuo. Kwa hiyo mashabiki wa Minneapolis wakiangalia video tu, Billboard haiwaoni.

Uingereza ni mizani nyingine. Kwenye chati rasmi ya singo, strimu 100 za kulipia ni mauzo 1, za bure ni 600 kwa mauzo 1. Strimu hizohizo 60,000 zitakuwa mauzo 600 zikiwa za kulipia, na 100 tu zikiwa za bure. Ngoma ikishakaa kama wiki kumi kisha ikashuka wiki tatu mfululizo kulinganisha na soko, uzito unakatwa nusu: 200 na 1,200. Wameweka hivyo ili nyimbo za zamani zisizibe njia. Na mtu mmoja akirudia wimbo mmoja kutwa nzima, kuna kikomo cha mara kumi kwa siku. Zile kampeni za "weka simu chajini ipige usiku kucha" zinachosha betri tu.

Swali la 3 basi: chati ya Uingereza inahesabu usikilizaji wa Uingereza tu. Wa London wanaweza kusaidia wakiwa na akaunti za kulipia, ila wanatakiwa kuwa wengi kweli. Kwa hali yako nisingeielekeza bajeti huko. Billboard Global 200, iliyoanza Septemba 2020, ndiyo inayokusanya nchi zaidi ya 200, na huko strimu ya Dar inaingia.

Fundi Spika
Boomplay nao walitangaza mwishoni mwa 2021 kwamba takwimu zao zitaingia Billboard. Usiidharau kwa sababu tu ni ya simu za bei nafuu.

Kijiti
Huyo wa laki moja kwa siku kumi, mkimbie. Hizo ni roboti au simu mia zilizopangwa kwenye rafu. Spotify hupitisha namba za chati kwenye kichujio, ndiyo maana namba ya chati huwa ndogo kuliko unayoiona kwenye wimbo. Tangu 2024 wanamtoza msambazaji takriban euro 10 kwa kila wimbo uliokutwa na udanganyifu wa kupindukia, na msambazaji hamezi hiyo hela, anakurudishia wewe au anaishusha ngoma.

Dalili utaziona kwenye takwimu za msanii: strimu zinapaa lakini waliohifadhi wimbo ni wachache mno, wasikilizaji wametoka mji mmoja ambao hamjawahi hata kufanya onyesho. Kuwa makini na pleilisti za kulipia pia, nyingi ndani yake ni roboti hizohizo.

Karani wa Mirabaha
La 4. Wiki ya chati kubwa nyingi, YouTube ikiwemo, ni Ijumaa hadi Alhamisi. Toa saa sita usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, upate siku saba kamili. Ukitoa Jumatano, wiki ya kwanza ina siku mbili, na moto wote wa mwanzo umegawanyika vipande viwili.

Mpe msambazaji faili wiki tatu au nne kabla. Ombi la pleilisti za Spotify linakubali wimbo ambao haujatoka tu, na litume angalau siku 7 kabla, ndipo wimbo uwafikie wafuasi wa msanii kwenye orodha yao ya nyimbo mpya.

Angalia na ISRC, ile namba ya utambulisho wa rekodi yenye herufi na tarakimu 12. Video ina yake, sauti ina yake, remiksi ina yake. Ukihama msambazaji, nenda na ISRC ileile, faili ileile ya sauti, jina la wimbo na la msanii yameandikwa vilevile. Ukipewa mpya, strimu za zamani zinabaki kwenye rekodi ya zamani na unaanza moja. "Ft." upande mmoja na "feat." upande mwingine nako kumeshawatenganishia watu namba.

Meneja wa Kinyerezi
Shukrani sana wakuu. Bosi kashaona. Sasa anauliza, video itoke siku moja na sauti, au ichelewe?

Karani wa Mirabaha
Sauti Ijumaa kila mahali, na YouTube iwepo video ya maneno siku hiyohiyo. Video yenyewe itoke Ijumaa ya wiki ya pili au ya tatu, ngoma ipate msukumo mpya inapoanza kupoa.

Fundi Spika
Na laki tano ya bajeti iende kwa madj wa redio na TikTok. TikTok nayo haiingii Hot 100, chati ya nyimbo ya Billboard, ilifunguliwa chati yake peke yake 2023, lakini ndiyo inayomfanya mtu akatafute ngoma nzima. Usiifute video ya zamani ukapandisha upya eti umesahihisha rangi. Itaanza sifuri.