Mtoto kaipata x, kapewa sifuri kisa kaandika "jumla"! Hili ni somo la hesabu au la Kiingereza?

Wakuu, naandika daftari la mwanangu likiwa mbele yangu na damu imenichemka. Mnisamehe nikiteleza.

Dogo yuko kidato cha pili, shule ya kata. La saba alikuwa moto wa kuotea mbali kwenye Hisabati: wastani, grafu, kutafuta thamani ya x, vyote alivisoma kwa Kiswahili. Kuingia sekondari, mambo yale yale yamevishwa Kiingereza, na mtoto ghafla kaitwa mzito.

Jumapili usiku kaniletea swali. Kwa lugha ya nyumbani linasema hivi: wastani wa namba 8, 11, 13, x na x + 4 ni 12, tafuta x. Kalikodolea macho karibu saa nzima. Kumbe kakwama kwenye neno "mean". Kafungua kamusi, kakuta "maanisha", chini yake "mchoyo". Sasa namba na uchoyo wapi na wapi? Nikamwambia, baba, huo ni wastani. Akacheka, akashika kalamu. Namba ziko tano, wastani 12, basi jumla yake 60. Ukijumlisha 8, 11, 13 na ile 4 unapata 36, na x ziko mbili. 2x + 36 = 60, 2x = 24, x = 12. Chai yangu hata haijapoa. (Mimi fundi seremala, form four hesabu nilipata F, lakini hii nilimfuata mpaka mwisho.)

Jumatano daftari likarudi. Kapigwa kosa kubwa la wino mwekundu, 0/4. Kisa? Mstari wa kwanza kaandika "jumla ya namba zote ni 60". Pembeni kaamriwa atumie Kiingereza, na alama tatu za mshangao juu.

Kinachoniuma zaidi, dogo anasema mwalimu huyo huyo akiwa ubaoni anafundisha kwa Kiswahili, "ikivuka upande wa pili inabadili alama", maana akishupalia Kiingereza darasa zima linabaki kumtazama tu. Kiingereza kinatoka kabatini siku ya kusahihisha!

Najua mtasema mtihani wa taifa unakuja kwa Kiingereza, azoee. Sawa, azoee. Mkosoeni, mkateni hata maksi moja. Lakini sifuri?

Walimu wa hesabu mliomo humu, nijibuni kabla sijaenda shuleni kesho asubuhi: 2x + 36 = 60 ni Kiingereza au ni Kiswahili?