Naomba ushauri: dawa za TB kwa wanaolala nje Kariakoo

Wakuu, habari za kazi. Swali ni kwa wahudumu wa afya ya jamii mnaofuatilia wagonjwa wa kifua kikuu wasio na makazi, hasa Kariakoo, Mnazi Mmoja na Ubungo.

Dozi yenyewe inajulikana: miezi 6, miwili ya mwanzo vidonge vyenye dawa 4 ndani yake, kisha minne vyenye dawa 2. Mtu mzima wa kilo 40 hadi 54 anameza vidonge 3 kwa siku. Dawa ni bure. Kinachokwamisha ni pa kuzitunza. Zikilala kwenye kiroba chini ya meza ya mitumba, mvua moja ya masika inatosha: karatasi ya nyuma inachanika, kidonge kinakuwa uji. Ukimpa za wiki nzima, begi linaibiwa au linazolewa kwenye msako. Ukimpa za siku moja moja, Jumapili kituo kimefungwa.

Halafu njaa. Vidonge hufanya kazi vizuri tumbo likiwa tupu, lakini asiyekula tangu jana mchana anatapika, mwisho anaacha kimyakimya. Mkojo wa rangi ya chungwa unasaidia kujua kama amemeza leo (ya juzi hausemi).

Kuna aliyewahi kumkabidhi dawa mama lishe au mlinzi wa usiku awe msimamizi? Siri ya mgonjwa mliilindaje? Na akihamia Mbagala ghafla, uhamisho mnauandikaje kwa mtu asiye na simu wala mjumbe wa kumtambua?