Ileostomi ya muda baada ya mfuko wa J: stoma inatoa maji mengi, ngozi imechubuka

Mlezi_Uyole
Habari wakuu. Mdogo wangu wa kike aliondolewa utumbo mpana kwa sababu ya kolaitisi ya vidonda (ugonjwa wa uvimbe na vidonda kwenye utumbo mpana). Ametengenezewa mfuko wa J kwa utumbo mwembamba, yaani kifuko cha ndani cha kutunza choo kilichounganishwa na njia ya haja kubwa, na kwa sasa choo kinatokea tumboni kupitia stoma, tundu la utumbo mwembamba lililofunguliwa tumboni (ileostomi). Hii ni wiki ya tatu. Stoma inatoa zaidi ya lita 2 kwa siku, majimaji matupu. Kiu haimwishi. Tunampa maji na chai ya rangi kila mara, lakini mkojo ni kidogo na umekolea, akisimama anapata kizunguzungu, usiku misuli inakaza. Kibandiko kinachoshikilia mfuko wa kukusanyia choo hakimalizi siku, ngozi imekuwa nyekundu mbichi. Halafu kuna ute unatoka njia ya haja kubwa. Tufanyeje?

Muuguzi_Stoma
Pole sana ndugu. Kwa dalili hizo mpelekeni hospitali leo hii, msingoje kesho. Apimwe kreatinini (kipimo cha figo), sodiamu, potasiamu na magnesiamu. Huenda akahitaji dripu ya maji ya chumvi, maana figo huumia haraka katika hali hii.

Sasa kuhusu kiu. Maji matupu yanamzidishia tatizo. Yakifika kwenye utumbo mwembamba bila chumvi, utumbo hutoa sodiamu ya mwili ili kuyasawazisha, kisha chumvi na maji vyote hutokea kwenye stoma. Ndiyo maana anakunywa na bado anakauka. Akitoka hospitali, maji, chai na vinywaji vingine vya aina hiyo visizidi lita 1 kwa siku vikijumlishwa vyote. Daktari anaweza kushusha hadi nusu lita. Kiasi kingine kiwe ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini): pakiti ya lita 1 ikorogwe kwenye lita 1 kamili ya maji safi, anywe kidogo kidogo kutwa nzima. Pakiti zikiisha: lita 1 ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visawazishwe kwa kisu. Vijiko vya mlima vinaharibu vipimo.

Tumieni jagi lenye alama, moja la stoma, jingine la mkojo, na muandike. Stoma iliyotulia hutoa kama mililita 500 hadi 1,000 kwa siku. Ikipita 1,500, pigeni simu wodini. Mkojo usipungue sana chini ya lita 1 kwa siku.

Loperamidi, dawa ya kupunguza kasi ya utumbo, husaidia ikimezwa nusu saa kabla ya kula, ila daktari aianzishe yeye, baada ya kuhakikisha hakuna maambukizi wala utumbo ulioziba.

Kijana_wa_Mafinga
Na madafu je? Au juisi ya miwa, arudishe nguvu?

Muuguzi_Stoma
Hapana kaka. Madafu yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Juisi ya miwa na soda zina sukari inayovuta maji kuingia utumboni, stoma itamwaga zaidi. Nguvu azitafute kwenye ugali, wali laini, viazi vya kuchemsha na ndizi za kupika, vikiwa na chumvi ya kutosha. Mahindi ya kuchoma, karanga nzima, uyoga na nanasi aviache kwanza, vinaweza kukwama.

Fundi_wa_Vibandiko
Ngozi: pimeni stoma upya. Wiki za mwanzo uvimbe hupungua, stoma inanywea, na tundu mlilozoea kukata kwenye kibandiko linabaki kubwa. Hapo choo chenye vimeng'enya (kemikali za kusaga chakula) hukaa juu ya ngozi na kuila. Tundu lizidi stoma kwa milimita 2 hadi 3 tu.

Osheni kwa maji ya uvuguvugu, kausheni kwa kupapasa. Msipake mafuta wala krimu chini ya kibandiko, hakitashika. Palipo pabichi nyunyizeni unga wa stoma, kung'uteni uliozidi, ndipo mbandike. Kwa baridi ya Mbeya gundi inakuwa ngumu: wekeni kibandiko kwapani dakika chache kabla, na baada ya kukibandika mkandamize kwa kiganja kama dakika 5. Mfuko wa choo wa nje umwagwe ukifika theluthi, uzito ndio unaoung'oa.

Muuguzi_Stoma
Nilisahau ute. Mfuko wa J hutengeneza ute hata kama choo hakipiti humo, hiyo ni kawaida. Akae chooni auachie bila kusukuma. Asiingiziwe dawa wala bomba huko, mshono bado mchanga. Lakini usaha, harufu kali, homa ya nyuzi 38 au zaidi, au maumivu ya nyonga na kiuno huashiria mshono kuvuja au jipu. Na stoma ikinyamaza saa 4 hadi 6 huku tumbo linasokota au anatapika, hiyo ni kuziba. Msimpe dawa ya kufungua choo. Yote haya ni ya kukimbilia hospitali, hata usiku.

Mlezi_Uyole
Asanteni mno. Tunatafuta gari sasa hivi. Stoma itafungwa lini?

Muuguzi_Stoma
Mara nyingi wiki ya 8 hadi 12, baada ya eksirei ya dawa kupitia mfuko wa J kuonyesha kwamba hauvuji. Ukivuja, husubiri zaidi. Nendeni na daftari la vipimo pamoja na dawa zote anazomeza.